Vistari Viwili Mahali pa Moyo

Hapa Waberi, mjini Garissa, hakuna mwanamke wa umri wangu mwenye moyo mzuri kama wangu. Si mimi ninayesema, ni daktari wa moyo wa Nairobi, tena kwa maandishi: mapigo yametulia, usingizi unatosha, mgonjwa aendelee hivyo hivyo. Ila kuna kasoro ndogo. Daktari hakuwa akinizungumzia mimi. Alidhani moyo ule ni wa mume wangu.

Mume wangu aliitwa Aden. Nasema aliitwa, kwa hiyo mwisho wake umeshaujua, usikae hapo ukingoja apone. Mimi ni Maka. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikauza maziwa ya ngamia sokoni miaka thelathini, na sijawahi kutia maji kwenye maziwa ila wakati wa kiangazi, kwa kuwa kiangazi ni shida ya watu wote.

Aden alikuwa dereva wa lori. Ujana wake wote alibeba sukari na unga kutoka Mombasa mpaka Elwak, enzi ambazo dereva alikuwa akiikumbuka barabara kuliko kuiona. Alipoacha lori akawa mzee wa kamati ya msikiti, na watu walimsifu kwa jambo moja hasa: hakuna aliyewahi kumwona akitawadha msikitini. Alifika ametawadha nyumbani, mikono ya kanzu bado imelowa, hata zile siku ambazo bomba la msikiti lina maji na letu limekauka. Watu walisema Mzee Aden hatoki nje ya mlango wake bila udhu. Mimi nilikuwa nikimimina chai na kunyamaza. Nilijua kwamba hakutaka kukunja mikono ya kanzu mbele za watu.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na tatuu. Mwanzoni lilikuwa jina tu, Roda. Roda alikuwa akiuza chai Mariakani, pale malori yanapopimwa uzito, na Aden alikuwa na miaka ishirini na miwili na akili ya miaka kumi na miwili. Alipotaka kunioa alimrudia mchoraji yule yule amfutie. Yule mtu hakujua kufuta, alijua kuongeza. Alijaza wino juu ya wino mpaka Roda akazama ndani ya mkanda mweusi wa upana wa vidole vitatu, uliozunguka kifundo cha mkono kama bangili. Nimekaa na Roda nyumba moja miaka arobaini na mmoja. Hajawahi kunioshea hata kikombe.

Roda sikumwonea wivu sana. Kilichoniuma ni kitu kingine.

Tulizaa watoto wanne, Mungu akatuachia mmoja, Abdirizak. Alipokuwa kidato cha tatu alirudi likizo na nyota ndogo mkononi. Walikuwa wamechorana bwenini kwa sindano na wino wa kalamu. Nyota yenyewe ilikuwa imepinda, ungeniuliza ningekuambia ni buibui. Aden alipoiona hakupaza sauti. Alimwita mzee anayechoma watu kwa chuma cha moto, yule tunayempelekea wenye manjano na wenye maumivu ya mgongo, akamwambia aichome mpaka itoke. Akamshika mtoto mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

"Anayejichora ngozi anamsahihisha Muumba," alimwambia. "Mwanangu hatasimama kwenye safu ya swala na kitu hiki."

Mimi nilikuwa jikoni nikipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nilijua kilichokuwa ndani ya kanzu ya yule aliyemshika mwanangu, na sikutoka nje. Abdirizak hakulia. Aliyelia ni Aden, baadaye, nyuma ya zizi la mbuzi, mikono ya kanzu ameivuta mpaka imefunika vidole. Nilimwona, naye hakujua kwamba nimemwona.

Mtoto alikua, akaenda Amerika, jimbo la Minnesota, kwenye baridi ambayo mtu hapaswi kuisimulia Garissa kwa sababu hakuna atakayemwamini. Anaendesha lori kama baba yake. Hakutuchukia. Kila Ijumaa alipiga simu, na kama ni simu ya picha, nililiona lile kovu kila aliposhika usukani.

Mwaka jana Aden alianza kukosa pumzi. Alikuwa akitoka msikitini anasimama mara tatu njiani, anajifanya anasalimia watu. Tulimpeleka Nairobi. Daktari alisema moyo wake unaruka mapigo, halafu unayafukuzia kwa haraka.

"Kama injini yenye plagi mbovu," Aden akasema.

"Kama hivyo, Mzee. Na injini kama hiyo inaweza kukuzimikia mlimani."

Akapewa vidonge, akaambiwa mapigo yaangaliwe kila siku, arudi baada ya miezi mitatu. Yakichafuka, aletwe haraka asingoje miadi.

Abdirizak akatuma saa. Ilikuja na msafiri mpaka Eastleigh, ikapanda basi, ikafika kwetu ndani ya soksi. Ilikuwa nyeusi, haina mishale, ukiigeuza nyuma ina taa ya kijani inayopepesa. Aliyeivaa, moyo wake ulisomeka kwenye simu ya Abdirizak huko huko aliko. Aden aliivaa kushoto, ndani ya kanzu, juu ya Roda. Simu ikalia.

"Aabo, umeivaa?"

Kwetu aabo ni baba, na baba na mtoto huitana hivyo, huyu aabo na yule aabo, kama ambavyo mama na mtoto huitana hooyo, yaani mama. Ukiwa mgeni unaweza kudhani hatujui nani kamzaa nani.

"Nimeivaa, aabo," Aden akajibu.

"Mbona huku naona vistari viwili tu? Mahali pa moyo pana vistari viwili."

"Labda moyo haupendi kuhesabiwa."

"Kaza mkanda."

Akakaza mpaka vidole vikapoa. Vistari viwili.

"Sikiliza, aabo. Ile taa ya kijani inaingia kwenye ngozi, inaangalia damu ikipita. Kukiwa na kitu kinachoumeza mwanga, saa inakuwa kipofu. Uchafu, kovu nene, tatuu." Akacheka. "Tatuu tunajua huna. Basi ni makovu. Umeivaa kulia, si ndiyo? Pale ulipochomwa ukiwa mdogo, ulipougua manjano. Ihamishie kushoto."

Aden aliniangalia. Mimi nilitazama dari. Dari yetu haina kitu cha kutazama, ni mabati.

"Naihamisha," akasema.

Tulipomaliza ile simu tulijaribu kila mahali. Kulia kulikuwa na makovu matano ya chuma, magumu kama punje za mahindi makavu, na saa ikasema arobaini, ikasema mia na tisini, ikarudi kwenye vistari. Tuliipandisha karibu na kiwiko, lakini mkono wake ulikuwa umekonda, na kila akiinua mikono kwenye swala ilishuka yenyewe mpaka kwa Roda. Mkono mmoja umechomwa, mwingine umechorwa. Mtu mzima hana pa kuvaa saa.

Kesho yake Abdirizak akasema, "Ijumaa nitapiga simu ya picha, aabo. Unikunjie kanzu niuone mkono, nikuoneshe pa kuiweka."

Siku hiyo Aden hakula. Anjera ilikauka mbele yake. Baada ya alasiri alinivulia ile saa, akaiweka mapajani mwangu.

"Maka, ivae wewe."

"Niuvae moyo wako?"

"Siku mbili tu. Akiona namba atatulia, hatataka kuuona mkono."

"Mwambie ukweli. Ni mtu mzima yule, ana watoto wake."

"Nimwambie nini? Kwamba nilimshika achomwe, na mchoro wangu uko ndani ya kanzu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hivyo hivyo ulivyosema. Umeshayapanga vizuri."

Halafu akasema, "Heri nife." Hili neno watu hulisema chai ikipoa, hulisema mbuzi akipotea. Yeye hakulisema hivyo. Alilisema kama mtu anayechagua kati ya vitu viwili sokoni, na ameshachagua.

Nikaivaa. Mkono wangu saa iliupenda mara moja, sitini na nane, bila kusita. Nikavuta garbasaar, mtandio wangu mkubwa, juu yake. Zile siku mbili zikawa miezi minne.

Sitakudanganya, mwanzoni tulicheka. Abdirizak alipiga simu siku moja.

"Aabo, jana saa nne asubuhi moyo wako ulifika mia na ishirini. Ulikuwa unafanya nini?"

Saa nne asubuhi nilikuwa sokoni nikimweleza Timiro, anayeuza maziwa karibu nami, ukoo wake na tabia zao.

"Nilikuwa nasoma Qurani," Aden akasema. "Kwa sauti."

"Usome polepole."

"Inshallah."

Siku nyingine akasema, "Hatua elfu saba, aabo. Unamshinda hooyo."

"Hooyo yako amezeeka," Aden akajibu, na jinsi alivyofurahi, nilimnyima chai ya pili.

Lakini miguu yake ilianza kuvimba. Alikuwa akilala, anainuka anatafuta hewa, mwisho akaacha kulala chini kabisa, akawa anakaa ameegemea ukuta mpaka alfajiri. Mimi nikilala nimelala, hata bunduki ikilia hainiamshi. Asubuhi moja simu ikaita.

"Aabo, umelala saa saba na nusu. Alhamdulillahi."

Aden macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa moshini. Ukutani nyuma yake palikuwa na alama ya jasho, umbo la mgongo wake. "Alhamdulillahi," akasema.

Nikaiangalia ile saa chini ya garbasaar. Ilikuwa imenihesabia usingizi wangu, ikampa yeye.

Miezi mitatu ilipotimia, Abdirizak alimtumia daktari namba zote, siku kwa siku. Daktari akajibu, na mtoto akatusomea: mapigo yametulia, usingizi unatosha, mgonjwa aendelee hivyo hivyo. Hakuna haja ya kumchosha mzee na safari, miadi isogezwe mpaka baada ya Idi. Abdirizak alikuwa anasoma na sauti inamkatika kwa furaha. Alisema atakuja Idi hiyo, tumpeleke pamoja.

Simu ilipokatika nikasema, "Leo namwambia."

Aden akanishika mkono, ule ule wenye saa. Kiganja chake kilikuwa baridi na kimelowa. "Baada ya Idi, Maka. Anakuja. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, nimkunjie kanzu aone. Usininyang'anye hilo."

"Na ukifa kabla?"

"Nikifa unioshe wewe. Usiwaachie wanaume wa msikiti."

"Sheria inaniruhusu," nikamwambia, "lakini mgongo wangu haujaulizwa."

Alicheka mpaka akakosa pumzi, nikamshikia kifua. Nikakubali kungoja. Mara nyingine najiuliza kwa nini nilikubali, kana kwamba sijui. Nilimhurumia, hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimezoea kusifiwa. Katika miaka sabini hakuna mtu aliyenipigia simu kuuliza kama moyo wangu umelala vizuri, na sasa alikuwepo mmoja, kila Ijumaa, hata kama alimuuliza mtu mwingine.

Ilikuwa Jumanne, Ramadhani imebaki siku tisa. Aden hakuwa akifunga, daktari alimkataza, lakini aliamka kunywa maji wakati wa daku ili asiitwe mlaji. Aliswali alfajiri ameketi, mkeka wake ukutani. Alipotoa salamu upande wa kulia niliisikia. Ya kushoto sikuisikia. Nilipogeuka alikuwa ameinama upande, taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini ya mkeka.

"Aden," nikasema. Nikamwita tena. Nikamwinua kichwa.

Hapo ndipo saa ilipoanza kutetemeka mkononi mwangu. Ilikuwa imeandika kwa rangi nyekundu kwamba moyo unakwenda mbio kupita kiasi, tafuta msaada. Miezi minne ilikuwa imekaa kimya, na siku iliyotoa onyo ilimwonya asiyekuwa akifa.

Jua halijapanda sana, nyumba imejaa. Niliwaambia wote, asimpigie mtu Abdirizak, nitampigia mimi. Sheikh Nunow wa msikiti wetu alikuja na wanaume wawili, sabuni na karafuu maiti, tayari kwa kuosha.

"Nitamwosha mwenyewe," nikasema.

"Mama Maka, hiyo ni kazi nzito kwa mtu wa umri wako."

"Nimembeba miaka arobaini na mmoja, Sheikh. Leo ndiyo ataniwia mzito?"

Alinitazama, akainamisha kichwa. Walimlaza kwenye ubao na nguo zake, wakajaza maji kwenye mapipa, wakatoka. Nikafunga mlango kwa komeo.

Nilianza upande wa kulia kama inavyotakiwa, nikayapitia makovu matano moja moja. Kisha kushoto. Nilikuwa nimeuona ule mkanda maelfu ya mara, lakini sikuwahi kuushika kwa muda mrefu namna ile, yeye alikuwa akiuvuta mkono. Wino ulikuwa umefifia pembeni, wa kibuluu kama mshipa. Niliumwagia maji mara tatu, na mara zote tatu ulibaki. Niliponyoosha mkono kuchukua karafuu maiti, ile taa ya kijani ilichungulia chini ya saa yangu, ikamulika juu ya weusi ule, ikapepesa, ikapepesa, inatafuta. "Haya, Roda," nikasema, "na wewe safari yako imefika." Nilitaka kucheka. Sauti iliyotoka haikuwa kicheko, na wanawake waliokuwa upande wa pili wa mlango wakaanza kuniita.

Nilimvisha sanda, nikafunga kwa kitambaa kichwani na miguuni, nikafungua mlango. Wanaume wakaingia na jeneza. Walitaka kumfikisha makaburini kabla jua halijakaa utosini.

Simu ikalia. Sikuwa nimempigia. Alinipigia yeye.

"Hooyo, nilikuwa barabarani, ndiyo kwanza naegesha. Naona saa imenitumia onyo. Alfajiri moyo wa aabo uliruka. Anaendeleaje?"

"Hooyo," nikamwambia, "aabo ametangulia. Ametoka kwenye swala, hakuumia. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Nikaisikia injini ya lori lake ikinguruma, kisha ikazimwa. Huko kwao kulikuwa hakujapambazuka.

"Hapana," akasema. "Ngoja. Ngoja, hooyo, naiangalia simu." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya yule mtoto wa likizo anayeingia uani na sanduku lake. "Hooyo, moyo unapiga. Mia na tano. Sasa mia na nane. Unanisikia? Amezimia tu. Nani amewaambia amekufa? Daktari amemwona?"

"Hooyo, sikiliza."

"Wasimzike. Waambie wasimguse. Watu wanazikwa hai, hooyo, nimesikia. Mia na kumi. Mfungue uso apate hewa."

Sheikh Nunow alisimama mlangoni. "Mama Maka, tuko tayari. Tumnyanyue?"

"Nani huyo?" Abdirizak akasema. "Tayari kwa nini? Hooyo, mwambie asubiri. Nakuomba."

Ningeweza kusema. Aden alikuwa ndani ya sanda tatu, hakuna ambaye angemfungua tena. Lilikuwa neno moja tu, na mtoto angeacha kuning'inia kwenye moyo ambao si wa baba yake. Lakini nilikumbuka nyuma ya zizi la mbuzi, na ile mikono ya kanzu iliyovutwa mpaka kwenye vidole. Nikamwashiria Sheikh kwa kichwa. Wakanyanyua.

"Usiiamini saa, hooyo," nikasema. "Saa inakosea. Nilimvua tangu alfajiri. Iko mezani."

"Mezani?"

"Mezani, karibu na birika. Naiona hapa nilipo."

"Na hakuna aliyeivaa?"

"Nani aivae? Iko peke yake."

Nje walikuwa wameanza kusoma shahada, sauti zinashika njia ya makaburini. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba chenye maji sakafuni, simu sikioni, nimeishika kwa mkono ule ule.

"Hooyo," Abdirizak akasema polepole, "hiyo meza yako imefika mia na thelathini na moja."